Mita Mbili za Ghorofa ya Kumi na Nne

Jumanne hiyo, saa moja na robo asubuhi, Milembe Lusinge alifunga maji ya ghorofa kumi na mbili bila kumwuliza mtu.

Alikuwa hajakaa hata kwenye kiti. Alisimama mbele ya ukuta wa vipimo ofisini kwake, ghorofa ya kumi na nne ya Jengo la Miamba jijini Mwanza, mkoba ukiwa bado begani, akaona ghorofa ya tatu inatumia maji kwa namna asiyoizoea. Lita sita, kimya kidogo, lita sita, lita sita, kimya kidogo, lita sita. Lita sita ni choo kimoja kikivutwa mara moja. Ghorofa ya tatu ilikuwa na kituo cha kulelea watoto wa wafanyakazi wa jengo. Ghorofa ya nne ilikuwa inafanya hivyohivyo, na ya tano pia. Upande wa magharibi wa jengo, unaolishwa na bomba lingine, ulikuwa umetulia kama siku zote.

Watu wanaokula vyakula tofauti hawaugui tumbo saa moja kwa pamoja, wote upande mmoja wa ukuta. Yalikuwa maji. Milembe aliweka kidole juu ya mchoro wa bomba la mashariki, kuanzia ghorofa ya tatu hadi ya kumi na nne, akalifunga. Ndipo alipoweka mkoba chini na kupiga simu kituo cha watoto. Mlezi alimwambia watoto wanne wametapika tangu wafike, na kabinti kamoja kaitwako Koku kamelala mkekani hakataki kuamka. Milembe alimwambia asimpe mtoto yeyote maji ya bomba, akaita gari la wagonjwa, kisha akashuka ngazi kwa miguu kwa sababu hakutaka kusubiri lifti.

Alikinga maji kidogo yaliyobaki kwenye bomba la jikoni la kituo na kuchovya kijiti cha kupimia. Kijiti kiligeuka kijani. Hayo yalikuwa maji ya ziwa, mabichi, ambayo hayajaguswa na dawa. Katika jengo zima maji ya namna hiyo yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye tangi la zimamoto juu ya paa, ambalo halikupaswa kukutana na maji ya kunywa hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mahali fulani, katika ghorofa zile kumi na mbili, kuna mtu alikuwa ameunganisha mabomba mawili.

Mabomba yalipita ndani ya kuta. Kuvunja kuta za ghorofa kumi na mbili ili kutafuta kiungo kimoja ni kazi ya wiki mbili. Lakini kulikuwa na mita tisini na sita, na mojawapo ilijua. Maji yanaposukumwa kinyume, kutoka kwenye chumba cha mpangaji kurudi kwenye bomba kuu, mita yake huhesabu hilo pia. Mita hiyo ilikuwa imehesabu na kunyamaza, kwa sababu Milembe mwenyewe ndiye aliyeifundisha kunyamaza.

*

Meneja wa jengo aliitwa Asimwe Rwegoshora. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, mwepesi wa kuamua, na katika mwaka mmoja wa kazi yake hakuna mpangaji aliyewahi kusema kwamba meneja hakumsikiliza. Milembe alimkuta ghorofa ya kwanza akimaliza kuongea na hospitali. Watoto waliopelekwa walikuwa wamefika sita. Zahanati ya ghorofa ya pili, ambayo maji yake hupitia bomba hilohilo, ilikuwa na wanawake wawili wenye uchungu wa kuzaa ambao hawangeweza kuhamishwa, na tangi lake la akiba lingefika saa kumi alasiri, si zaidi.

Asimwe alitaka pazia lifunguliwe mara moja.

Pazia lilikuwa kazi ya Milembe. Kila mita ya Jengo la Miamba ilikuwa na ukubwa wa ngumi, haina waya, inapata nguvu yake kutoka kwa maji yenyewe yanapopita, na inaongea na mita nyingine kwa redio kupitia kuta. Ilipima na umeme wa chumba, na ilijua zaidi ya lita. Ilijua bafu na birika, mashine ya kufulia na ya kutengenezea barafu, kwa sababu kila kifaa huvuta maji na umeme kwa mtindo wake, kama mtu na mwandiko wake. Mtu akiacha mita kama hiyo iseme kila inachojua, itasimulia maisha ya watu. Kwa hiyo, kila baada ya sekunde chache, kabla ya kutoa kipimo, mita ilikubaliana na kila jirani yake namba ya siri. Moja iliiongeza namba hiyo kwenye kipimo chake, nyingine ikaipunguza kwenye chake. Ukiangalia mita moja unaona upuuzi, lita elfu tisa, au hasi mia tatu. Ukijumlisha mita zote nane za ghorofa, namba za siri zinafutana na unabaki na jumla ya kweli. Jengo lilijua ghorofa imetumia nini. Halikujua nani, na maji yaliyorudi nyuma hayakuingia kwenye jumla hiyo.

Alikuwa na sababu ya kulitengeneza. Miaka mitano nyuma, katika kikao cha wamiliki, mtu alimwuliza ni kifaa gani hiki kinachofanya kazi kila baada ya saa tatu katika saluni ya ghorofa ya nane. Milembe aliangalia mchoro na kujibu kwa ujuzi wake wote kwamba ni mashine ya kukamulia maziwa ya mama. Kanuni za wakati huo zilikataza kuweka mtoto mchanga ndani ya jengo. Kufikia Ijumaa yule mama wa saluni alikuwa ameshaondoka na vioo vyake. Hakuna aliyedanganya. Mita ilisema kweli na Milembe alisema kweli, na wiki nzima alishindwa kula vizuri. Baada ya hapo alitengeneza pazia, na alipolileta kwa wapangaji ndipo walipokubali kuacha kuzifunika mita zao kwa magunia.

Pazia lilikuwa na funguo mbili, mmoja wa Milembe, mwingine wa mwenyekiti wa wapangaji. Zikigeuzwa zote mbili, mita zote zingefunguka kwa pamoja, siku tisini kurudi nyuma, na kwa mkataba wa jengo kila kitu kingeingia mezani kwa meneja, jina kwa jina.

“Dada Milembe,” Asimwe alisema, “watoto sita wako hospitali. Leo si siku ya pazia.”

Milembe alimwambia anaomba mpaka saa tisa. Alieleza kwamba kila mpangaji ana uwezo wa kufungua mita yake mwenyewe kwa kidole chake, na kwamba atapita mlango kwa mlango kuwaomba. Ikifika saa tisa bila jibu, atageuza ufunguo wake kwa mkono wake. Asimwe hakupenda, lakini alihesabu saa zilizobaki na kukubali.

Kuna jambo Milembe hakulisema. Katika mita zile tisini na sita, moja ilivuta lita mia na ishirini mara tatu kwa wiki, ikayapasha maji joto la mwili wa binadamu kwa saa nne, na kuyamwaga polepole. Mtu yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo angejua hiyo ni mashine ya kusafisha damu. Ilikuwa chumba namba 1403, ofisi ya wakili Kagemulo Rwegoshora, baba yake Asimwe.

*

Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa Mama Nyamizi, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekuwa na karakana ya kutia vitambaa rangi ghorofa ya sita. Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Milembe alimwamkia, akamweleza yote, kisha akamweleza na ubaya wa njia aliyoichagua, kwa sababu hakutaka kumficha.

Ubaya ulikuwa kwenye hesabu yenyewe. Ghorofa ina mita nane na jumla yake inajulikana. Wakikubali saba na kukataa mmoja, mtu anatoa saba kwenye jumla na kinachobaki ni cha yule mmoja, wazi kama amefungua mwenyewe. Kukataa peke yako hakukusaidii kitu. Ni lazima wakatae angalau wawili, ndipo vipimo vyao vinabaki vimechanganyika na hakuna anayejua kipi ni cha nani.

Mama Nyamizi alinawa mikono kwa maji ya ndoo, ingawa rangi haikutoka, akasema waanzie juu washuke chini. Milembe alidhani anataka kuanza na mawakili kwa sababu ni wabishi.

Ghorofa ya kumi na nne watu sita walikubali ndani ya nusu saa. Walisikia habari za watoto, wakaenda kwenye mita zao na kuweka kidole. Walibaki wawili, wakili Rwegoshora na Milembe mwenyewe, kwa sababu ofisi ya mita ilikuwa nayo na mita yake.

Milembe aliingia kwa wakili peke yake. Mzee huyo alikuwa mrefu, shati lake limenyooshwa vizuri, na mkono wake wa kushoto aliupumzisha juu ya mto mdogo kama kawaida yake. Miezi minane iliyopita alikuja ofisini kwa Milembe, akafunga mlango, akaomba jambo moja tu. Siku hizo jiji liliweka mgawo wa maji kwa kila jengo kubwa, na kila mita ilifunga vali yake yenyewe mgawo wa siku ulipokwisha. Wakili alieleza kwamba ikifunga katikati ya kazi ya mashine yake, atakuwa hatarini. Milembe aliiondoa vali yake kwenye mgawo siku hiyohiyo na hakuandika sababu popote.

Sasa alimweleza habari ya watoto, ya bomba, na ya hesabu ya saba na mmoja. Wakili alisikiliza mpaka mwisho.

“Asimwe ana damu ya kundi langu,” alisema. “Akijua asubuhi, jioni atakuwa amelala kwenye meza ya daktari anitolee figo. Mimi nina miaka sitini na nane, Mhandisi. Yeye hata hajazaa. Nitampa nafasi hiyo kwa sababu gani?”

Milembe alimwambia kwamba hilo ni la kwake na binti yake, naye ameshasema lake. Alichotaka kujua ni kitu kimoja, kama katika ofisi yake kuna fundi yeyote aliyewahi kugusa bomba. Wakili aliapa kwamba hakuna, na kumruhusu aangalie chini ya kila sinki. Milembe alipiga magoti na kuangalia. Mabomba yalikuwa yaleyale ya siku jengo lilipojengwa, rangi ya kiwandani haijakwaruzwa hata kwenye maungio.

“Basi mita yako ibaki imefungwa,” alisema akisimama. “Na yangu itabaki imefungwa pamoja nayo. Lakini saa tisa ikifika hatujaona kitu, nitafungua zote, na sitakuomba radhi.”

Wakili alisema amemwelewa.

*

Orodha ya waliokubali ilikuwa inaonekana mezani kwa Asimwe kadiri watu walivyoweka vidole. Walipokuwa ghorofa ya kumi na moja alimpigia Milembe simu. Kwenye ghorofa ya kumi na nne anaona mita mbili zimefungwa, alisema. Moja ni ya baba yake, naye baba yake ni wakili, atakataa hata kupimwa urefu bila hati ya mahakama. Anamfahamu. Lakini nyingine ni ya mkuu wa mita. Mkuu wa mita anawaomba wenzake wafungue, yeye mwenyewe amefunga. Alitaka kujua anaficha nini.

Milembe alisimama kwenye korido, Mama Nyamizi akiwa hatua mbili pembeni anasikia. Angeweza kusema kwamba kifaa chake kimeharibika. Angeweza kusema amesahau. Alisema kwamba ameifunga kwa makusudi, kwamba ameshakagua chini ya masinki ya vyumba vyote viwili kwa macho yake na hayana kosa, na kwamba hatasema zaidi.

Asimwe alimjibu kwa sauti ya chini kwamba kesho asubuhi wamiliki watataka maelezo yaliyoandikwa, na kama hayatakuwapo, jina la kwanza kuondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi litakuwa lake. Milembe alisema sawa, akaweka simu mfukoni na kugonga mlango uliofuata.

Watu walikubali kwa wingi kuliko alivyotarajia. Ghorofa ya tisa walikataa wawili na hakuwauliza kwa nini, ila alikagua masinki yao. Ghorofa ya saba alikataa mmoja tu, Bwana Sospeter wa ofisi ya bima. Milembe alimweleza kwa uwazi kwamba akibaki peke yake atakuwa amefunguliwa tayari na majirani zake, na kwamba asingependa apate habari hiyo baadaye. Bwana Sospeter aliona aibu, akafungua mlango wa chumba cha ndani. Kulikuwa na mashine ya kutotolea mayai na vifaranga mia mbili waliokuwa wanalia chini ya taa. Alisema mkewe hajui, jengo halijui, na alikuwa anaona afadhali kusimulia kuliko kusomwa. Aliweka kidole. Milembe alimwahidi kwamba siku hiyo anatafuta maji yanayorudi nyuma, si kuku.

Mpaka saa saba na nusu mita sitini zilikuwa zimefunguka, na hakuna hata moja iliyokuwa imehesabu maji kinyume. Hospitali ilipiga simu kwamba Koku amewekewa maji mwilini kwa mshipa na amefumbua macho, lakini bado hawezi kukaa.

Mlangoni kwa karakana ya rangi, ghorofa ya sita, Mama Nyamizi alisimama. Milembe alikuwa ameshapita kwenda mlango wa jirani, akarudi.

“Anza na langu,” Mama Nyamizi alisema. “Nilitakiwa kukuambia asubuhi.”

Aliweka kidole chake cha buluu kwenye mita. Ukurasa wa siku tisini ulijitandaza kwenye kishikwambi cha Milembe, naye hakuhitaji kusoma zaidi ya siku tatu. Alfajiri ya Jumamosi lita kumi na nne zilikuwa zimerudi nyuma. Jumapili, arobaini na moja. Alfajiri ya Jumatatu, mia na kumi.

Nyuma ya sinki kubwa la kusuuzia kulikuwa na bomba jembamba lenye koki nyekundu, limeunganishwa na bomba la zimamoto. Mama Nyamizi alieleza akiwa amesimama wima, bila kujitetea sana. Kitambaa kikiwa ndani ya rangi hakiwezi kusubiri. Mita ilifunga maji saa sita mchana, siku baada ya siku, mgawo ulipokwisha, na wanawake tisa wa karakana walisimama na vitambaa vinavyoharibika mikononi. Aliandika barua mbili kuomba nyongeza, na mfumo ukamjibu kwamba ombi limepokelewa. Akaleta fundi kutoka mtaani. Walitumia maji ya zimamoto kusuuzia tu, hawakunywa, na kila jioni koki ilifungwa. Ijumaa hakumbuki kama ilifungwa.

Milembe aliielewa picha yote. Koki imeachwa wazi. Tangi la zimamoto liko juu ya paa na uzito wote wa maji yake uko nyuma ya bomba lile. Alfajiri pampu za jengo zinapolegea, maji ya ziwa yanapata nguvu kuliko maji safi, yanapita kinyume kwenye mita, ambayo kizuizi chake cha maji kurudi nyuma kimejaa chembe za rangi na hakifungi tena vizuri, yanaingia bomba kuu na kushuka kwa walio chini. Zahanati ilichuja maji yake upya, kwa hiyo ilisalimika. Kituo cha watoto hakikuwa na chujio. Mita imehesabu kila lita. Ingeweza kupiga kelele tangu Jumamosi, kama Milembe asingekuwa ameamua, miaka mitano nyuma, kwamba mita inayopiga kelele peke yake inamtaja mwenyewe.

Alifunga koki nyekundu, akakata bomba lile kwa msumeno wa fundi na kuliziba pande zote mbili. Mama Nyamizi alimshikia taa. Halafu Mama Nyamizi aliuliza kama wale watoto wataishi. Milembe alimjibu kile hospitali ilichosema na hakuongeza matumaini yake mwenyewe. Mama Nyamizi alivaa viatu vyake vya mjini, akasema anakwenda huko kuwaambia wazazi kwa mdomo wake kabla hawajaambiwa na mtu mwingine.

Bomba la mashariki lilisafishwa kwa dawa, likamwagwa, likajazwa upya. Zahanati ilipata maji saa tisa na dakika ishirini. Mmoja wa wale wanawake alikuwa tayari amejifungua.

*

Asimwe alipanda ghorofa ya kumi na nne saa kumi. Alimshukuru Milembe kwa kazi, na alikuwa anamaanisha. Kisha akaweka kishikwambi mezani. Alikuwa ametoa sita kwenye nane, kama mtu yeyote anayejua hesabu angefanya. Mita mbili zilizobaki kwa pamoja zilikuwa zinavuta maji mengi siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maji ya uvuguvugu, kwa saa nne. Ofisi ya mita haina shughuli ya namna hiyo na ya wakili haina. Alitaka kujua ni ipi.

“Ni moja kati ya hizo mbili,” Milembe alisema. “Zaidi ya hapo sisemi.”

Asimwe alisema basi ataandika barua ya kumwachisha kazi jioni hiyo. Hakuwa na hasira usoni. Labda alikuwa ameshaanza kuelewa, na alitaka mtu mwingine amwambie kwamba anakosea.

Mlango haukuwa umefungwa. Wakili Rwegoshora alikuwa amesimama kwenye korido, na hawakujua amesikia kuanzia wapi. Aliingia, akafungua kifungo cha mkono wa kushoto wa shati lake na kukunja mkono mpaka juu ya kiwiko. Mshipa ulikuwa umevimba kama kamba chini ya ngozi, na alama za sindano zilipangana juu yake.

“Mhandisi amefunga yake kwa ajili yangu,” alimwambia binti yake kwa Kiswahili, kisha mengine yote akayasema kwa Kihaya.

Milembe hakijui Kihaya. Alitoka nje akawaachia ofisi. Alikwenda mwisho wa korido, akakaa kwenye ngazi na kuanza kuandika kile alichopaswa kuandika miaka mitano iliyopita. Mita ikihisi maji yanarudi nyuma, ifunge vali yake papo hapo na imwambie mwenye chumba, yeye peke yake, ana robo saa. Robo saa ikipita bila kujibiwa, iseme kwa jengo lote. Aliandika pia kwamba mgawo usifunge tena vali ya mtu katikati ya kazi, na kwamba maombi ya nyongeza yasijibiwe na mfumo, yajibiwe na mtu mwenye jina. Aliweka jina lake.

Ilipita saa nzima. Wakili alipita akielekea chumbani kwake, macho yake mekundu, akamwinamia Milembe kichwa. Baadaye Asimwe alikuja akakaa kwenye ngazi kando yake. Alisema barua haitaandikwa. Alisema baba yake amemkataza kupimwa, naye amemjibu kwamba kupimwa kutakuwa kesho saa mbili asubuhi na akitaka aende mahakamani kuzuia. Alisema pia kwamba wamekubaliana jambo moja, kwamba daktari akishasema, wote wawili watasikia kwa pamoja na hakuna atakayeamua peke yake.

Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

“Miezi minane umejua. Tunasalimiana kila siku. Ungeniambia lini?”

“Nisingekuambia.”

“Hata kama angefia kwenye chumba hicho, ukuta mmoja kutoka kwako?”

Milembe hakutaka kumpa jibu la kumtuliza.

“Ningeita gari la wagonjwa, halafu ningekupigia wewe,” alisema. “Lakini kabla ya hapo, hapana. Kila alipopita mlangoni kwangu nilimwambia amwambie binti yake. Nimemwambia mpaka akaanza kupanda na lifti ya nyuma.”

Asimwe alicheka kidogo, bila kutaka, akajifuta uso kwa kiganja.

“Bado nina hasira na wewe,” alisema.

“Najua.”

Walikaa hivyo mpaka simu ya Asimwe ilipoita. Ilikuwa hospitali. Alisikiliza, akasema asante mara mbili, akamwambia Milembe kwamba Koku amekaa, ameomba uji, na kwamba Mama Nyamizi yuko pembeni ya kitanda na mama yake Koku hajamfukuza. Kisha alisimama, akanyoosha sketi yake, akaenda kumgongea baba yake mlango.